Taya Lililokesha

Jioni moja ya Machi 2019 nilisimama kando ya barabara mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, mbele ya mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi juu ya mbabula. Butembo ni mji wa baridi. Uko juu zaidi ya mita 1,700, na jua likishatua kila mtu hutafuta koti. Nilichagua hindi lililokauka kidogo na kuungua upande mmoja, kama nipendavyo tangu utotoni. Nilipouma mara ya tatu kitu kikalia kichwani mwangu: ko! Hakikulia kwenye jino. Kililia mbele ya sikio la kulia, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa. Kisha kinywa kikagoma kufunguka.

Nilibaki nimesimama, hindi mkononi, punje mbili juu ya ulimi. Nikajaribu kupanua mdomo: ukafunguka upana wa kidole kimoja, ukakwama, kidevu kikavutwa upande wa kulia. Nilipolazimisha, maumivu yalipanda hadi kwenye panja na kushuka mpaka shingoni.

"Mama, kuna nini?" aliniuliza mchoma mahindi.

Nikamjibu meno yakiwa yameshikana, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Watu wakasogea. Mzee mmoja akasema ni pepopunda. Motari aliyekuwa akingoja abiria akasema mama huyu amelishwa sumu. Halafu mtu wa tatu, ambaye sikumwona uso, akatamka neno ambalo mwaka ule lilitosha kutawanya soko zima: Ebola. Waliokuwa wamesogea wakarudi nyuma. Mwenye mahindi peke yake hakuondoka. Alichukua kitambaa, akakipasha joto juu ya makaa, akanibandika shavuni kwa mkono wake mwenyewe, mwaka ambao hata kusalimiana kwa mikono tulikuwa tumeacha.

"Nenda nyumbani, mama yangu," akasema. "Usitafune tena kitu leo."

Nimepita kwa waganga kadhaa kwa sababu ya taya hili, kabla ya jioni ile na baada yake. Yule mama wa mahindi ndiye mtu wa kwanza aliyelitendea lililo sahihi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwetu ni Beni, kilomita zaidi ya 50 kaskazini ya Butembo. Mauaji ya raia yalipoanza kwetu Oktoba 2014 nilikuwa na watoto wawili wadogo na darasa la watoto zaidi ya 60. Redio ilikuwa ikihesabu maiti asubuhi, lakini hakuna redio iliyoweza kueleza usiku wenyewe, maana usiku wenyewe mara nyingi ulikuwa kimya. Tulilala na nguo zetu. Viatu vilikuwa mlangoni, na mfuko wenye vyeti vya shule na vya kuzaliwa ulikuwa karibu na mto. Taa tulizima mapema. Mbwa akibweka, pumzi za nyumba nzima zilisimama mpaka anyamaze, kisha tukaanza kujiuliza kwa nini amenyamaza. Tarehe 13 Agosti 2016 wauaji waliingia Rwangoma, mtaa wa mji wenyewe, wakaua watu kwa makumi. Tangu siku ile sikumbuki usiku niliolala Beni bila sikio moja kubaki dirishani.

Mama yangu alikuwa na neno moja kwa mambo yote: "Jikaze, mwanangu." Ni neno tunalopeana kwenye kilio, kwenye chumba cha uzazi, na njiani tukiwa na magodoro kichwani. Nikajikaza. Nilijikaza mbele ya wanafunzi ambao baadhi yao walikuwa wamepoteza wazazi, nikajikaza mbele ya wanangu, nikajikaza mbele ya mama mwenyewe. Mwili nao ulilichukua neno lile kama lilivyo na kulitekeleza usiku kucha kwa misuli ya taya, ambayo ni miongoni mwa misuli yenye nguvu sana tuliyopewa.

Mtoto wangu mdogo, ambaye tulilala kitanda kimoja, aliniuliza asubuhi moja: "Mama, usiku unakulaka nini?"

"Mimi? Sili kitu."

"Unatafunaka mawe."

Kwetu mtu anayesaga meno usingizini huambiwa ana minyoo. Nikanunua mebendazole, nikameza, nikawamezesha na watoto. Usagaji haukwisha. Kila asubuhi niliamka na uso mzito kama mtu aliyetafuna muwa usiku mzima, kichwa kikiniuma pande mbili za paji la uso, na sikio la kulia limeziba. Nikadhani ni sikio. Wifi yangu akanitia mafuta ya vuguvugu, na muuguzi mmoja akachungulia ndani kwa taa akasema sikio ni zima. Kisha masikio yakaanza kulia, mlio mwembamba usiokoma, nami nikajua jibu, au nikadhani nalijua: ni kinini. Nilikuwa nimetibiwa malaria mwezi ule, na kila mtu wa kwetu anajua kwamba kinini hukufanya usikie kengele masikioni. Wakulima wa milima yetu hupanda mti wa kenkina na kuuza gome lake, kwa hiyo hata mtoto anaijua dawa ile. Nikangoja kengele ziishe pamoja na dawa. Dawa iliisha, kengele zikabaki.

Ndipo nikafika kwenye jino.

Ilikuwa mwaka 2017. Maumivu yalikuwa yametua, kwa hisia yangu, kwenye gego la chini upande wa kulia. Naandika "kwa hisia yangu" kwa sababu hapo ndipo penye kisa chote. Nilikwenda kwenye chumba kimoja kidogo cha matibabu, nisichotaka kukitaja kwa kuwa aliyenihudumia alifanya alichofundishwa na alichokuwa na vifaa vya kukifanya. Aliniuliza jino gani. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaligonga kwa chuma, nikashtuka, kwa maana upande ule wote ulikuwa umechoka na ungeshtuka hata ukigongwa kwa unyoya. Akachoma sindano ya ganzi, akashika koleo, na kwa dakika kumi nikiwa nimepanua mdomo mpaka mwisho alivuta, akatikisa, akavuta. Jino likatoka. Nililipa, nikapewa pamba ya kuuma na jino langu ndani ya karatasi.

Siku tatu nilikuwa salama. Siku ya nne niliamka na maumivu yaleyale, mahali palepale, ndani ya jino ambalo halikuwepo.

Sikumwambia mtu. Niliona aibu ya kwenda tena kulalamika kinywa kikiwa na pengo. Na kabla sijapata ujasiri huo, mambo mengine yakatukuta. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia kwetu, ikianzia Mangina, magharibi mwa mji wa Beni. Tarehe 22 Septemba mwaka huohuo usiku ulijaa risasi kwa saa nyingi mjini Beni, na asubuhi yake nikafunga mfuko, nikachukua watoto, nikaenda Butembo kwa kaka yangu mkubwa, anayeuza vipuri vya pikipiki.

Nataka wasomaji wa mbali waelewe ilivyokuwa kuumwa kichwa katika miezi ile. Kila mlango wa shule, wa kanisa, wa duka kubwa ulikuwa na ndoo ya maji ya klorini na kijana mwenye kipimajoto cha mfano wa bastola, anayekulenga katikati ya uso. Kuumwa kichwa kulikuwa dalili. Kushindwa kumeza kulikuwa dalili. Mtu akienda kituo cha afya akasema "kichwa kinaniuma, na koo limekaza", aliweza kujikuta kwenye CTE, kituo cha kutibia Ebola, akitengwa mpaka vipimo virudi. Waliofanya hivyo walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Ugonjwa ule ulipotangazwa umekwisha, 25 Juni 2020, ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Lakini watu walivumishiana kwamba anayeingia CTE hatoki. Mwishoni mwa Februari 2019 vituo viwili, cha Katwa na cha Butembo, vilishambuliwa na kuchomwa. Basi mimi mwenye kichwa kinachouma kila asubuhi nilinyamaza. Nilinunua ibuprofeni pakiti kwa pakiti, nikameza kwa siri, nikauma meno. Wiki chache baadaye ndipo nikauma lile hindi.

Asubuhi ya pili kaka yangu alinipeleka kwa nguvu. Daktari aliyenipokea alikuwa kijana, pengine umri wa wanafunzi wangu wa kwanza. Alinawa, akanipima joto, likawa 36 na nusu. Akaniuliza kama nimegusa mgonjwa au maiti, kama nimetapika. Hapana. Akaniuliza kama nina jeraha, kama nimechomwa na msumari au mwiba. Hapana. Akaniinamisha kichwa mbele mpaka kidevu kikagusa kifua, akabonyeza tumbo. "Si pepopunda," akasema. "Pepopunda hukaza pande mbili, ikashika shingo, mgongo na tumbo, na mara nyingi kuna kidonda. Wewe unakwama upande mmoja tu."

Kisha akafanya jambo ambalo katika miaka minne hakuna mtu aliyewahi kunifanyia. Alisimama mbele yangu, akaweka ncha za vidole vyake viwili mbele ya masikio yangu, kimoja kila upande, akasema kwa upole: "Fungua, mama mwalimu. Taratibu. Funga. Fungua tena." Chini ya kidole cha kushoto mfupa ulisogea mbele kama kawaida. Chini ya kidole cha kulia haukusogea. Akanibonyeza hapo, nami nikaruka kwenye kiti, kwa sababu maumivu yangu yote ya tangu Beni, ya sikio, ya panja, ya jino lililong'olewa, yalikuwa chini ya kidole kile kimoja.

Alichonieleza nimekieleza tangu hapo kwa watu wengi, basi nakieleza tena. Mbele ya kila sikio, pale unapohisi kitu kikitembea ukitafuna, taya la chini limeungana na fuvu la kichwa. Ni kiungo cha ajabu, maana si bawaba tu kama ya mlango. Unapoanza kufungua mdomo kichwa cha mfupa huzunguka, na unapopanua zaidi huteleza mbele, kama mtoto wa meza anavyovutwa. Kati ya mfupa na mfupa kuna kisahani chembamba kinachosafiri pamoja na taya ili mifupa isisagane. Daktari alitumia mfano wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na aliyekulia Kivu ya Kaskazini anauona mara moja: ukiondoa mpira, mti wenyewe husagika. Kisahani hicho kinaweza kuchomoka kutoka mahali pake kikakaa mbele. Ukifungua mdomo, mfupa unakirukia na kukirudia: hapo ndipo panapolia ko. Siku nyingine mfupa ukishindwa kukirukia, kisahani kinakuwa kama jiwe chini ya mlango. Mdomo haufunguki.

Akaongeza jambo lililonituliza: taya linalolia bila kuuma na bila kukwama halihitaji dawa yoyote. Watu wengi wanaishi nalo mpaka uzeeni. Na wengi wanaopata maumivu ya kiungo hiki, ambao ni wanawake kuliko wanaume, hasa wa umri wa miaka 20 hadi 40, hupata nafuu bila upasuaji.

"Lakini kwa nini mimi?" nikauliza.

Hakujibu. Aliniuliza yeye: "Sasa hivi ninapoongea nawe, meno yako yako wapi?"

Nikajikagua. Meno ya juu yalikuwa yamekaa juu ya ya chini, yamekandamizwa, kwa nguvu ya mtu anayekata kamba. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, mchana, ndani ya chumba salama, kaka yangu akiwa mlangoni, na taya langu lilikuwa bado liko Beni usiku, likisikiliza mbwa.

Sikujua kama meno hayapaswi kugusana. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa watoto, nafundisha mwili wa binadamu ubaoni, na sikujua. Mdomo ukifungwa kwa utulivu, midomo hukutana lakini meno huachana kidogo, na ulimi hupumzika juu, nyuma ya meno ya mbele. Kwa siku nzima, ukijumlisha kutafuna na kumeza, meno hugusana dakika chache tu. Yangu yaligusana saa kwa saa, mchana na usiku, kwa miaka.

Nilimpelekea lile jino wiki iliyofuata. Nilikuwa nimelihifadhi, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu nilililipia. Alilipokea kwenye kiganja, akalisogeza dirishani. Lilikuwa na mizizi miwili, mmoja umepinda kidogo kuelekea nyuma kama kwato ya mbuzi aliyesimama kwenye mteremko. Juu lilikuwa jeupe lenye mifereji myembamba, limelainika kidogo pale lilipokuwa likisagwa. Alilizungusha mara mbili. Halikuwa na tundu wala alama nyeusi, na mzizi haukuwa na usaha. Akalirudisha kwenye karatasi yake bila kusema kitu. Kisha akanieleza kwamba mshipa mmoja mkubwa wa fahamu ndio unaoleta habari za meno, za misuli ya kutafuna, za panja na za kiungo cha taya, na ubongo ukipata habari ya maumivu kutoka njia hiyo huweza kukosea anwani. Mgonjwa anasema jino, naye anasema kweli kwa anavyohisi.

Baadaye nilisoma, kwa kuwa nilitaka kujua kama ujinga huu ulikuwa wetu peke yetu. Haukuwa wetu. Mwaka 1934 daktari wa masikio wa Marekani, James Costen, aliandika kwamba maumivu ya masikio na mlio wake vyaweza kutoka kwenye kiungo cha taya. Hapo aliona vizuri. Lakini alidhani chanzo ni meno ya nyuma yaliyopotea na taya kukandamiza mishipa, na kwa miaka mingi watu wakachongwa meno na kuinuliwa meno ili "kusawazisha" taya, mpaka wataalamu wa maumbile ya mwili walipoonyesha kwamba maelezo yale hayasimami. Miaka ya 1980 hukohuko Marekani, katika hospitali zenye kila kifaa, wagonjwa wengi walitolewa kile kisahani na kuwekewa cha bandia chenye tefloni. Kilimeguka ndani ya kiungo, na mwili ukipigana na vipande vyake ukala mfupa wenyewe. Mapema miaka ya 1990 serikali ikaviondoa, watu wakiwa wameshaharibiwa uso kwa maisha. Nilipomaliza kusoma habari hiyo nilimsamehe kabisa yule aliyening'oa gego. Tangu hapo, kila ninaposikia mtu ana maumivu ya taya, swali langu la kwanza ni hili: alichofanyiwa kinaweza kurudishwa nyuma? Kitambaa cha moto unakiondoa, na chakula laini unakiacha ukitaka. Jino halirudi.

Tiba yangu ilikuwa ndogo hata kaka yangu aliitilia shaka. Kitambaa cha maji moto shavuni na kwenye panja, robo saa asubuhi na jioni. Ibuprofeni baada ya chakula kwa siku chache, kisha basi. Wiki sita za vyakula laini: uji, viazi vilivyopondwa, maharage yaliyoiva sana, bugali na sombe. Mahindi ya kuchoma, muwa, karanga na nyama ngumu viliondoka kwangu. Mwayo ulipokuja niliuzuia kwa ngumi chini ya kidevu. Mara kadhaa kwa siku nilifungua mdomo polepole mpaka pale panapoanza kuvuta, si zaidi, nikahesabu, nikafunga. Kipimo changu kilikuwa vidole vyangu mwenyewe: mtu mzima mwenye taya zima huingiza vidole vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya mbele. Mimi nilianza na kimoja. Baada ya wiki tatu viliingia viwili, navyo kwa shida.

Kazi iliyonishinda mwanzoni ilikuwa ile rahisi kuliko zote, ya kuachanisha meno. Daktari alinifundisha kusema "nnn" na kuuacha ulimi hapo unapotua. Ukiwa hapo meno hayawezi kukandamizana. Lakini nani atakumbuka? Nilikuwa nimepata nafasi ya kufundisha Butembo, na siku moja nilichora nukta kwa chaki nyekundu kwenye kona ya juu ya ubao. Kila jicho langu lilipoipita nilijikagua. Wanafunzi waliona.

"Mwalimu, nukta ile ni ya nini?"

Nikawaambia. Nikawaambia na wao wajikague. Kukawa kimya, kisha msichana wa dawati la pili, ambaye familia yake ilikimbia kutoka upande wa Oicha, akasema kwa mshangao: "Mwalimu, yangu yamefungana." Darasa zima likasema "nnn", na kwa muda chumba kile kilivuma kama mzinga wa nyuki. Nukta ile haikufutwa mpaka mwisho wa mwaka.

Sikupona katika mstari ulionyooka. Tarehe 19 Aprili 2019 watu wenye silaha waliingia kwenye kliniki ya chuo kikuu hapo Butembo na kumuua Dokta Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani kupambana na Ebola. Mji ulijifunga. Wagonjwa wengi waliacha kwenda hospitali, na mimi nikaacha kurudi kupimwa. Ndani ya siku chache nilikuwa nimerudi kwenye kidole kimoja na nusu. Nililala na mwanangu, naye akaniambia asubuhi: "Mawe yamerudi." Ikabidi nianze upya, kitambaa, uji, nukta. Mwezi wa Agosti viliingia vitatu.

Siwadanganyi kwamba vita ndiyo chanzo cha kila taya linalouma. Kuna anayeanguka na pikipiki akagonga kidevu, kuna mwenye baridi yabisi, kuna anayesaga meno akiwa na amani tele. Na wapo waliokaa Beni usiku uleule nilioukaa mimi, na mataya yao ni mazima. Ninachosema ni kwamba kwangu uhusiano ulikuwa wazi hata mtoto wa miaka mitano aliuona kabla yangu, na hakuna mganga aliyeniuliza ninalalaje.

Taya pia linaweza kukwama wazi. Mwaka 2021, katika mkesha wa maombi, mwimbaji mmoja wa kwaya alipiga mwayo mkubwa saa nane ya usiku na mdomo haukufunga tena. Mate yalimtiririka, macho yamemtoka, hawezi kutamka hata jina la Mungu. Wakaanza kumwombea kwa sauti, wakamwekea mikono, mmoja akisema ni pepo bubu. Muuguzi mstaafu aliyekuwa benchi la nyuma alipita katikati yao. Alimketisha kwenye kiti kifupi, kichwa kikiegemea ukuta, akazungushia vitambaa vidole gumba vyake vyote viwili ili visiumwe, akaviweka ndani juu ya magego ya chini, vidole vingine vikishika kidevu kwa nje. Akasukuma chini, kwa uvumilivu, mpaka misuli ilipochoka, kisha nyuma. Taya likaingia. Yule mwimbaji akalia, akanywa maji, akarudi kuimba sauti ya pili, kwa tahadhari. Mkono ule umeelezwa katika mafunjo ya Misri yaliyoandikwa yapata miaka 3,600 iliyopita: gumba ndani, vidole chini ya kidevu. Afrika imelijua hilo tangu zamani, na mtu mwenye mikono miwili iliyofundishwa analiweza bila umeme. Asiyefundishwa asijaribu, amkimbize mgonjwa kwa anayejua.

Vilevile sitaki mtu anisome kisha apuuze hatari. Taya likiuma pamoja na kifua, au mkono wa kushoto, na jasho la baridi, hilo ni jambo la moyo, usilale nalo. Shavu likivimba, ukawa na homa na harufu mbaya kinywani, pengine ni jipu la jino, nalo huweza kuua; hapo koleo lina kazi yake. Taya likikaza siku chache baada ya jeraha, kimbia hospitali usiku huohuo. Mtu wa zaidi ya miaka 50 anayeanza kuumwa panja na kuchoka taya akitafuna, aonwe haraka, kwa kuwa kuna ugonjwa wa mishipa ya damu unaoanza hivyo na kuishia kwenye upofu. Na anayekaza taya au kupinda shingo baada ya kumeza dawa ya kuzuia kutapika, amwambie muuguzi jina la dawa hiyo.

Mama yangu bado yuko Beni. Bado ananiambia jikaze kila tukizungumza kwa simu, nami nikimsikia nauweka ulimi wangu nyuma ya meno ya juu, kisha namjibu. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba sikio linamuuma asubuhi. Nilipanda gari nikaenda. Nilimketisha kwenye kiti chake uani, nikaweka vidole viwili mbele ya masikio yake, nikamwambia: "Fungua, mama. Taratibu." Chini ya kidole changu cha kushoto kitu kikalia ko, kidogo sana. Hana maumivu hapo nikibonyeza, na vidole vitatu vinaingia. Sikio ndilo lilikuwa na usaha, na kituo cha afya kimelitibu.

Ninyi mnaong'oa meno huku kwetu, Butembo, Beni, Oicha, Kasindi, Lubero, najua mnafanya kazi bila picha za mionzi na mara nyingine bila ganzi ya kutosha, na mstari wa wagonjwa uko mlangoni tangu alfajiri. Nawaomba dakika moja tu. Kabla ya kushika koleo, tafuteni tundu la jino. Msipoliona, wekeni vidole viwili mbele ya masikio ya mgonjwa, mwambieni afungue na kufunga, na mumwulize analalaje.